Kufuli au Breki? Uhakiki wa Hoja ya Diski na Kasi ya Mzunguko wa Nyota Changa

Nyota inapozaliwa hurithi mzunguko wa wingu la gesi na vumbi lililoizaa. Kwa kanuni ya kuhifadhika kwa momenta ya mzunguko, kadiri inavyonywea ndivyo ilivyopaswa kuzunguka kwa kasi zaidi. Aidha, gesi inayoiangukia kutoka kwenye diski inayoizingira huja na mzunguko wake na kuuongeza ule wa nyota. Hata hivyo, nyota changa za aina ya T Tauri, zenye umri wa takriban miaka milioni 1 hadi 10, hazikidhi matarajio hayo. Nyota yenye nusu ya tungamo la Jua na nusukipenyo mara mbili ya kile cha Jua, ikizunguka mara moja kwa siku 8, huwa na kasi ya kilomita 13 hivi kwa sekunde kwenye ikweta yake, ilhali ingeweza kuzidi kilomita 200 kwa sekunde kabla ya kuanza kusambaratika. Ni nini basi kinachoizuia?

Jibu lililozoeleka lilitolewa na Königl mwaka 1991, kwa kuazima hoja ambayo Ghosh na Lamb waliijenga mwaka 1979 kuhusu nyota za nyutroni. Kwa mujibu wa jibu hilo, uga sumaku wa nyota huiunganisha nyota na diski. Sehemu ya diski iliyo karibu huzunguka upesi kuliko nyota na huisukuma; sehemu ya mbali huzunguka polepole na huivuta nyuma. Nguvu hizo zikilingana, mwendo wa nyota hautabadilika. Hali hiyo ndiyo iliyopewa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kufuli la diski.

Ushahidi unaotolewa ni wa takwimu. Mwaka 1993, Edwards na wenzake walionesha kwamba nyota zenye diski huelekea kuzunguka polepole. Herbst na wenzake, mwaka 2002, walibaini katika kundi la nyota la Nebula ya Orion vilele viwili vya vipindi vya mzunguko, karibu na siku 2 na siku 8, miongoni mwa nyota zenye tungamo kubwa kidogo. Stassun na wenzake, mwaka 1999, hawakuuona uhusiano huo. Lakini vipimo vya infraredi vya darubini ya Spitzer, vilivyochambuliwa na Rebull na wenzake mwaka 2006, viliuthibitisha tena.

Udhaifu wa hoja hauko katika vipimo hivyo, bali katika hitimisho linalotolewa kwavyo. Nyota na diski zisipozunguka kwa mwendo mmoja, mistari ya uga sumaku husokoteka na hatimaye hufunguka, na mvuto wa diski hudhoofika. Kwa sababu hiyo Matt na Pudritz, mwaka 2005, walipendekeza kwamba upepo wa nyota yenyewe ndio unaoondoa mzunguko. Lakini upepo huo nao huendeshwa na nishati ya gesi inayoanguka kutoka kwenye diski. Diski ikitoweka, upepo huo nao hukoma. Kwa hiyo maelezo yote mawili yanatabiri jambo lilelile: penye diski, nyota huenda polepole. Takwimu zinazothibitisha uhusiano huo haziwezi kuamua baina yake.

Utetezi wenye uzito zaidi hutokana na nyota ya AA Tauri. Ukingo wa ndani wa diski yake ulionekana ukiifunika nyota kila baada ya siku 8 hivi, sawa na kipindi cha mzunguko wa nyota yenyewe. Hata hivyo, jambo hilo linathibitisha mahali ulipo ukingo huo. Halithibitishi kwamba nguvu zinazosukuma na zinazovuta zimelingana.

Hapa ndipo jina linapopotosha. Kufuli ama limefungwa ama limefunguliwa, na anayelisikia hudhani kwamba kipindi cha nyota kimekwisha kupangwa. Mwandishi wa Kiswahili akilitafsiri neno kwa neno ataingiza hitimisho ndani ya istilahi. “Breki ya diski” ingefaa zaidi, ila mafundi wa magari wamekwisha kuichukua. “Upunguzaji kasi unaoambatana na diski” ni refu, lakini halisemi zaidi ya kilichoonekana.

Suala hili si la majina tu. Nyota inayopoteza diski yake mapema huendelea kunywea bila kizuizi, huzunguka kwa kasi, na uga sumaku wake huwa na nguvu zaidi. Sayari zake changa hupigwa na eksirei na miale ya urujuanimno kwa muda mrefu zaidi. Anayetaka kukadiria hatima ya angahewa za sayari hizo anahitaji kujua breki ni ipi, na hilo litaamuliwa kwa kupima uga sumaku na upepo wa nyota mojamoja, si kwa kuongeza orodha ya vipindi.