Kiti cha marehemu: kusoma The Casual Vacancy kwa macho ya msomi



Kuko vitabu ambavyo watu walivihukumu mbele ya kuvifungua. The Casual Vacancy cha J.K. Rowling ni kimoja kati ya hivyo. Kilitoka Septemba 2012, miaka mitano kiisha kitabu cha mwisho cha Harry Potter, na wengi walikuwa wanangoja uchawi. Badala ya uchawi wakapata baraza la kijiji cha Uingereza: mikutano, kura, mpaka wa mtaa, mkataba wa jengo. Wengine wakasema, eti hii ni hadithi ya wazee wanaogombana juu ya mambo madogo. Mimi nasema hapana. Ukumbi ni mdogo, lakini mambo yanayozunguka ukumbi ule yanafika kwenye jeneza la mtoto wa miaka mitatu. (Kama haujasoma na hautaki kujua mwisho, simama hapa kwanza. Nitausema.)

Tuanze na kisa chenyewe. Kijiji kinaitwa Pagford, kijiji cha kubuni, kizuri, chenye maua na mawe ya zamani. Diwani mmoja, Barry Fairbrother, anaanguka na kufa kwenye parking ya klabu ya gofu, usiku wa sikukuu ya ndoa yake. Kiti chake kinabaki wazi, na vita inaanza. Upande mmoja kuko Howard Mollison, mwenye duka la vyakula vizuri, mkubwa wa baraza, anayetaka kiti kiende kwa mwana wake Miles, mwanasheria. Upande mwingine kuko marafiki wa Barry: Colin Wall, naibu mkuu wa shule, na daktari Parminder Jawanda, Msikh, ambaye tayari ni diwani.

Wanagombania nini? Mambo mawili. La kwanza ni Fields, mtaa wa nyumba za serikali, maskini, wenye madawa ya kulevya. Howard na wenzake wanataka Pagford iachane nao, mtaa wote uhesabiwe upande wa Yarvil, mji wa jirani. La pili ni Bellchapel, kituo kinachosaidia watu waache heroini.

Munisamehe nieleze kidogo, juu neno linaweza kutudanganya. Waingereza wanaita baraza la namna hii "baraza la parokia". Siye wa huku tukisikia parokia tunawaza padri na misa. Kwao ilikuwa hivyo pia zamani, lakini sheria ya mwaka 1894 ilitoa mambo ya raia kwa kanisa na kuyapa baraza la kuchaguliwa. Leo Uingereza iko na mabaraza ya aina hiyo karibu 10,000. Ni ngazi ya chini kabisa ya utawala. Yanaangalia viwanja vya kucheza, makaburi, mabanda ya kungojea basi, ukumbi wa kijiji. Pesa yao inatoka kwenye nyongeza ndogo juu ya kodi ambayo kila nyumba inalipa. Wengi wa madiwani hawapati mshahara. Mwenye kulipwa ni karani anayeandika mihtasari na kufuata sheria.

Na diwani akikufa? Tangazo linabandikwa. Wapiga kura 10 wakiomba ndani ya siku 14 za kazi, uchaguzi unafanyika. Wasipoomba, baraza lenyewe linachagua mtu wa kujaza nafasi. Hiyo nafasi iliyobaki wazi katikati ya muhula ndo sheria yao inaita jina lile lililo kwenye jalada la kitabu. Mimi nilikisoma kwanza kwa Kifaransa, na toleo la Grasset linaitwa Une place à prendre. Ni jina tamu, lakini limebadilisha kitu. Kifaransa kinatuonyesha wenye kutaka kiti. Kiingereza kinatuonyesha jinsi sheria inavyomtazama marehemu: nafasi imetokea, ijazwe. Na neno lile la Kiingereza katika mazungumzo ya kila siku linabeba pia maana ya kitu cha kupita tu, kisicho na uzito. Mtu amekufa, na jina la kitu alichoacha linasema haina neno kubwa. Ubaridi huo ndo moyo wa kitabu.

Sasa, kitabu kinafanya nini vizuri?

Kwanza, Howard si mwizi. Hii ni muhimu sana kwetu, juu siye tumezoea kufikiri kwamba kiongozi mbaya ni yule anayekula franga za watu. Howard hakuli franga za baraza. Anapenda kijiji chake kweli. Anacheka na watu, anauza jibini, anajua kila mtu kwa jina. Anafuata ajenda. Ubaya wake unapita kwa mlango wa utaratibu: anasema juu ya kodi, juu ya usafi, juu ya haki ya wenyeji. Hakuna pahali anasema "nawachukia maskini". Anasema tu wahesabiwe pengine. Rowling ametuonyesha kwamba unaweza kumtupa mtu nje kwa adabu zote na mhtasari ukaandikwa vizuri.

Pili, kuko mkutano ambao kwangu ndo sura bora ya kitabu. Wanajadili Bellchapel. Howard anaongea vile watu wa heroini wanavyokula pesa ya umma kwa ugonjwa waliojitakia. Parminder, daktari wake, anashindwa kuvumilia. Anamuuliza mbele ya wote kama anajua yeye mwenyewe amegharimu hospitali za serikali kiasi gani, kwa moyo wake na dawa zake, juu hawezi kuacha kula. Hoja yake ni sawa kabisa: mlevi wa heroini na mlevi wa chakula, wote wanatibiwa kwa kodi ya wote. Lakini ametoa siri ya mgonjwa. Kwa neno moja amepoteza heshima ya kazi yake, na hoja yake inazama pamoja naye. Wenzangu wa medisini, wenzangu wa sheria, muisome sura ile polepole. Inatufundisha kwamba kuwa na haki hakutoshi kama unaisemea pahali na namna isiyofaa. Na inauma, juu Howard, mwenye hoja mbovu, anabaki mtulivu na anashinda.

Tatu, vijana. Tovuti ya baraza inaanza kuonyesha ujumbe wenye jina la "mzuka wa Barry Fairbrother", na kila ujumbe unafunua siri ya mkubwa fulani. Wanaofanya hivyo ni watoto wa nyumba zilezile. Mmoja anapigwa na baba, mwingine anadharauliwa na mama, na wa tatu anamchukia baba aliyemlea. Hawana habari na Fields wala Bellchapel. Wanatafuta kulipa kisasi cha nyumbani, na siasa ya kijiji inageuka kwa sababu yao. Munaojua vile akaunti zisizo na jina zinavyofanya kazi wakati wa uchaguzi wa komite za wanafunzi hamtahitaji maelezo zaidi.

Lakini mimi si wa kusifu tu. Kitabu kiko na makosa, na mawili ni makubwa.

La kwanza ni mwisho wake. Krystal Weedon, msichana wa Fields, mama yake ni mtumiaji wa heroini, ndiye roho ya hadithi. Siku moja yuko kando ya mto na kijana, na mdogo wake Robbie anapotea. Watu wa Pagford wanamwona mtoto peke yake, mmoja kiisha mwingine, na kila mmoja anaendelea na shida zake. Robbie anakufa maji. Krystal anajidunga heroini na yeye pia anakufa. Nililia, sifichi. Lakini nikifikiri, naona mkono wa mwandishi. Wapita njia wamepangwa kama mashahidi mahakamani, ili kijiji kihukumiwe. Krystal alikuwa na mipango, hata kama mipango yenyewe ilikuwa ya kukata tamaa: alitaka kuzaa ili apate nyumba yake na amtoe Robbie pale. Msichana mwenye akili ya kupanga hivyo alistahili hadithi ambayo inaendelea. Rowling mwenyewe aliwahi kuishi kwa msaada wa serikali huko Edinburgh, akilea mtoto peke yake. Anajua kwamba wengi wa akina Krystal hawafi. Wanaendelea kuishi, na ndo hapo baraza lingekuwa na kazi ngumu ya kuwaangalia usoni kila siku.

La pili ni lugha. Katika Kiingereza, watu wa Fields wanaandikwa vile wanavyotamka, maneno yamekatwa na kupindwa. Wa Pagford wanaandikwa kwa herufi safi, kama vile wao hawana lafudhi. Kila mtu ana lafudhi. Ukiandika ya maskini peke yake, umechora mpaka uleule ambao Howard alikuwa anaupigania. Siye ambao Kiswahili chetu kinachekwa kila tukivuka mpaka tunaelewa hiyo kitu haraka.

Kosa dogo la tatu ni la sheria. Msomaji anaweza kumaliza kitabu akifikiri baraza la parokia linaweza kukata mtaa na kuutupa. Hapana. Linaweza kuomba na kusukuma, lakini uamuzi wa mipaka uko mikononi mwa ngazi za juu. Kosa hili nalisamehe, juu hasira za watu ni za kweli hata pale nguvu yao ni ndogo.

BBC ilitengeneza filamu ya sehemu tatu mwaka 2015, Michael Gambon akiwa Howard. Waigizaji ni wazuri. Lakini walibadilisha jambo la msingi: badala ya kituo cha madawa, ugomvi unakuwa juu ya nyumba ya jamii ambayo matajiri wanataka kuigeuza hoteli ya starehe. Hivyo adui amekuwa rahisi. Ni nani hatachukia hoteli ya matajiri? Kitabu kilikuwa kigumu zaidi, juu pale adui hakutaka utajiri. Alitaka tu kijiji safi, na wengi wetu tunataka hicho.

Nimebakiza Barry, na ndiye aliyenifanya niandike hapa. Barry alizaliwa Fields. Alipata nafasi ya shule nzuri ya Pagford, akasoma, akawa mkubwa wa benki, akarudi kuwa sauti ya watu wake. Kwa maneno yetu, alikuwa msomi wa kijiji. Aliunda timu ya wasichana ya kupiga makasia na akamwingiza Krystal. Siku ya kifo chake, siku ya ndoa yake, alikuwa anaandika makala ya gazeti juu ya Krystal, na mke wake hakusahau hilo.

Wasomaji wengi wanamwona mtakatifu. Mimi namuuliza swali moja: kwa nini alipokufa kila kitu kilikufa? Timu ilivunjika. Bellchapel ikabaki bila mtetezi mwenye utulivu. Krystal akabaki bila mtu wa kumpigia simu. Barry alibeba Fields mgongoni peke yake, na hakumwingiza hata mtu mmoja wa Fields kwenye ukumbi. Mlango ulikuwa wazi: tangu sheria ya mwaka 1960, ambayo Margaret Thatcher aliipeleka bungeni akiwa mbunge mpya, raia ana haki ya kuingia na kusikiliza mkutano wa baraza kama huu. Krystal hakuwahi kuambiwa kwamba ukumbi ule ni wake pia.

Siye kwetu tumepiga kura ya madiwani wa komini kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006 mnamo Desemba 2023, na hata hivyo si pahali pote. Kwa hiyo ngazi hii ni mpya kwetu, na wengi wetu wenye diplome tunaiangalia kwa njaa. Tunasema: tukiweka mmoja wetu pale, mambo yatabadilika. Kitabu hiki kinajibu: mmoja wenu alikuwa pale Pagford, mwema, mwenye akili, na moyo wake ulikuwa kwa maskini. Akafa siku ya kawaida, na hakukuwa na aliyejua kazi aliyokuwa anafanya wala namna ya kuiendeleza.

Basi nawaomba mukisome, kwa Kifaransa au Kiingereza, na mukifika kwenye ule mkutano wa Bellchapel muhesabu walio ndani na wanaozungumziwa bila kuwemo. Kiisha muhesabu hivyohivyo kwenye mkutano wetu ujao.

Uliyekisoma, unamwonaje Barry? Na wewe ungemwachia Krystal mwisho gani? Nangoja maoni yenu hapa chini, na tuheshimiane.