Jina Moja, Kalamu Nyingi: Kina Muhammad katika Fasihi ya Kiswahili na Tatizo la Kuwataja

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuwataja watunzi kwa jina la mwisho. Desturi hiyo ilipokewa kutoka vyuo vya Ulaya pamoja na mitindo ya marejeleo, na aghalabu hutumiwa bila kuulizwa. Lakini watunzi wengi wa mwambao na visiwani hawana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Jina la mtu ni lile la kwanza. Linalofuata ni la babake, na la tatu ni la babu yake. Said Ahmed Mohamed ni Said, mwana wa Ahmed, mjukuu wa Mohamed. Mhakiki anayeandika kwamba Mohamed amefaulu kuuchora unyonge wa mwanamke katika Utengano (1980) amempa babu sifa ya riwaya ambayo hakuiandika.

Kosa hili lingekuwa dogo lau lingeishia kwenye adabu ya kutaja majina. Haliishii hapo. Linaathiri namna kazi zinavyosomwa, kwa kuwa watunzi walio mbalimbali huwekwa kwenye rafu moja, na rafu moja huzaa fikra ya ukoo mmoja wa kifasihi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa wale wanaoitwa Muhammad. Jina lenyewe lina maendelezo mengi: Muhammad, Mohamed, Mohammed, Muhamadi. Kwa Waislamu ni jina la baraka, na kila mtaa wa Mombasa, Lamu au Unguja una kina Muhammad wasiohesabika. Kushirikiana jina hilo hakumfungi mtu na mwenzake kwa lolote. Hata hivyo, wanne miongoni mwao, yaani Muhamadi Kijumwa, Muhammad Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Mohamed Hassan Abdulaziz, wameacha kazi ambazo zikitazamwa pamoja huonyesha jinsi dhana yenyewe ya 'mtunzi' ilivyobadilika katika muda wa karne moja.

Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, hakuwa mtunzi kwa maana inayofundishwa madarasani leo. Alikuwa mnakili, mchonga mbao, mshairi na mtu wa ngoma. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea ili kupata tungo za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na miswada iliyotoka mkononi mwake ingali London na Ujerumani. Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 umefungamana na jina lake, ingawa kisa cha Liyongo na beti zinazonasibishwa naye ni vya kale kuliko Kijumwa kwa muda mrefu. Je, hapo Kijumwa ni mtunzi, mkusanyaji, au mnakili aliyetia mkono wake? Swali hili halijibiki kwa kutazama jina lililo chini ya mswada. Katika utamaduni wa miswada, anayenakili ana haki fulani juu ya anachokinakili: hurekebisha vina, huongeza ubeti, huchagua lahaja. Aliyeyachunguza maisha na kazi za Kijumwa kwa kina ni Muhammad mwingine, Mohamed Ibrahim Abou Egl, katika tasnifu yake ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha London ya mwaka 1983. Hata lakabu yenyewe huandikwa kwa namna mbili, Kijuma na Kijumwa. Afadhali yeye, kwani lakabu yake imemwokoa na rafu ya babu.

Kwa Muhammad Said Abdulla (1918-1991) mambo ni tofauti kabisa. Huyu ni mtu wa gazeti na matbaa. Alihariri gazeti la Zanzibari, na baadaye jarida la Mkulima hadi mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyingine hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Bwana Msa na kiko chake, akifuatwa na Najum, ni jamaa wa Sherlock Holmes. Hilo limesemwa mara nyingi, na mara nyingi limesemwa kwa dharau. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 walimlaumu kwamba aliandika fasihi pendwa wakati taifa likidai fasihi ya ukombozi. Lawama hiyo ina ukweli wake. Mapinduzi ya 1964 yalitokea katikati ya maisha yake ya uandishi, lakini Unguja ya riwaya zake yaelekea kubaki ile ile ya kabla yake, yenye mabwana wa mashamba na watumishi wasioulizwa wanaonaje mambo.

Hata hivyo, lawama hiyo imewazuia wengi wasione kiini cha msuko wake. Bwana Msa hapelelezi mauaji tu. Hupelelezea pia nasaba. Siri za uzazi na ukoo humrudia katika kazi baada ya kazi: nani ni mtoto wa nani, nani amefichwa asili yake, nani yu hatarini kwa kutoijua. Mzimu na uchawi ni pazia ambalo wenye hila huning'iniza mbele ya siri hizo, na akili ya Msa hulishusha. Imani iliyo chini ya riwaya hizi ni kwamba ukweli wa nasaba ukishajulikana, mambo hutengemaa. Kila mtu hurejeshwa mahali pake. Ni imani ya jamii iliyopangwa kwa nasaba, nayo ndiyo inayomfanya Muhammad Said awe mhafidhina zaidi kuliko ule ukimya wake juu ya siasa.

Hapa ndipo Mohamed Suleiman Mohamed anapoachana naye, na ndipo ilipo hasara ya kuwasoma wawili hawa kama hatua mbili za 'riwaya ya Kizanzibari'. Kiu (1972) ina msuko wa hila unaoweza kumkumbusha msomaji Bwana Msa. Mwinyi, mzee tajiri, anamtamani Bahati. Idi, kijana anayemtumikia, ana tamaa zake mwenyewe. Na penzi la Bahati linakuwa chombo mikononi mwa wote wawili. Lakini hakuna Msa wa kuja kulifungua fundo. Msomaji anaijua hila mapema kuliko wahusika, na kinachomshika si swali la nani ametenda bali la lini atakayedhulumiwa atatambua. Usimulizi umehama kutoka kwenye fumbo hadi kwenye nafsi.

Nyota ya Rehema (1976) inafika mbali zaidi. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mali na nasaba ya Kiarabu, na Aziza. Weusi wa ngozi yake unatosha kumfanya awe mtoto asiyetakwa nyumbani kwao. Tanzu ya Bwana Msa ingelifanya jambo hili kuwa fumbo: kungekuwa na hati iliyofichwa, mkunga mzee anayejua, na mwishowe uthibitisho kwamba Rehema ni damu ya Fuad, kisha haki. Mohamed Suleiman anauvunja mwelekeo huo tangu mwanzo. Msomaji hana haja ya kupelelezewa uzazi wa Rehema. Unajulikana, wala haumsaidii. Anaondoka nyumbani, anapotea mjini, anaokolewa kwa ndoa yake na Sulubu, mkulima asiye na jina kubwa, na hata ardhi inayotiwa jasho na wawili hao haiwi salama mbele ya wenye nasaba. Ukweli wa damu hauna nguvu pasipo mamlaka ya kuutambua. Hii ni hoja ambayo Muhammad Said asingeweza kuitoa bila kumstaafisha mpelelezi wake.

Ikumbukwe kwamba riwaya hii inahusu, pamoja na mengine, mtoto kunyimwa stahili za jina la babake. Kuna kejeli basi katika uhakiki unaomweka mwandishi wake kwenye faharasa kwa jina la babu. Kejeli inazidi kwa kuwa Mohamed Suleiman ana jina moja na huyo babu, kama ilivyo ada ya familia nyingi za mwambao, hivi kwamba 'Mohamed' wa faharasa huonekana kuwa yeye mwenyewe kwa bahati tu. Ubavuni pake hukaa 'Mohamed' mwingine, yaani Said Ahmed. Utengano ilitoka miaka minne baada ya Nyota ya Rehema, nayo vilevile inamhusu binti wa baba jabari mwenye mali, Maimuna wa Bwana Maksuudi, anayeihama nyumba na kuangukia maisha ya mjini. Mwanafunzi anayekuta 'Mohamed (1976)' na 'Mohamed (1980)' yumkini ataona mwandishi mmoja anayeiendeleza dhamira moja. Tofauti iliyo muhimu itampita. Kwa Said, Maimuna hupata njia ya kusimama tena, na Maksuudi huporomoka. Historia iko upande wa aliyeonewa. Mohamed Suleiman hakuitoa ahadi hiyo. Kati ya misimamo hiyo miwili, ule wa Nyota ya Rehema ni mgumu zaidi kuumeza, na pengine ndiyo sababu umezeeka kwa uzuri zaidi.

Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni mwanaisimu, na sehemu kubwa ya kazi yake haigusi fasihi. Makala yake ya 1972 kuhusu matabaka matatu ya lugha nchini Tanzania ingali ikirejelewa na wanaisimujamii. Lakini kitabu chake juu ya Muyaka (1979) kilifanya jambo ambalo wahakiki walikuwa hawajalifanya ipasavyo. Hichens alikuwa amekwisha kuichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Abdulaziz, kama anavyojulikana kwa jina lisilo lake, alizirudisha beti hizo Mombasa ya Mazrui na Busaidi, zikasomeka kama majibizano ya watu waliokuwa na la kupoteza. Mbinu yake haina makeke: tungo, tafsiri, na mazingira ya tungo. Kinachovutia ni kwamba mwanaisimu ndiye aliyewafundisha wanafasihi kwamba shairi la Kiswahili huwa na anayeambiwa.

Muyaka mwenyewe alikuwa bin Haji, al-Ghassaniy. Mwaka 2015 Mohammed Khelef Ghassani wa Pemba alipata tuzo ya Mabati-Cornell kwa diwani yake N'na Kwetu. Mwenye pupa ataona hapo nasaba: Muhammad wa tano, tena Mghassani. Nisba moja si udugu, kama vile jina moja lisivyo mkondo mmoja. Mshairi wa Mombasa ya Mazrui na mwandishi wa habari anayeishi Ujerumani wanastahili kulinganishwa kwa beti zao.

Watunzi wengine wamejiamulia wenyewe. Shafi Adam Shafi amechapishwa pia kama Adam Shafi, na faharasa zinazofuata jina la mwisho zimemwacha chini ya Shafi bila kujua ni Shafi yupi. Said Ahmed Mohamed huandika riwaya kwa jina hilo, na makala za kitaaluma kwa jina la Said A. M. Khamis, akisogea kizazi kimoja nyuma zaidi kwenye silsila. Katika orodha za marejeleo, mtunzi wa Utengano na mhakiki Khamis hutenganishwa kwa kurasa kadhaa, na zipo tasnifu ambazo huenda zikamnukuu wa pili ili kumkosoa wa kwanza.