Sifa za Swali Jembamba

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Mimi nasema zaidi: kuuliza ni ufundi, na ufundi huo hupimwa vikali pale mwanafunzi wa uzamili anapoketi kupanga utafiti kuhusu lugha za kuhoji hifadhidata. Mada yake ni kuuliza, na kuipanga nako ni kuuliza.

Zamani aliyetaka jibu kutoka kwenye hifadhidata ilimpasa aijue njia: aanzie rekodi ipi, afuate kiungo kipi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alipendekeza data ipangwe katika majedwali, mwulizaji ataje anachokitaka, na njia iwe kazi ya mashine. Wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni kwanza SQUARE, lugha yenye alama za kihisabati zilizokuwa taabu kuchapa. Mwaka 1974 wakatoa SEQUEL, yenye maneno ya Kiingereza cha kawaida. Ndiyo mama wa SQL ya leo.

Ninachokienzi zaidi ni kilichofuata. Phyllis Reisner, naye wa IBM, aliwafundisha watu lugha hizo mbili, kisha akapima wanavyozimudu na wanapokosea. Yeye, Boyce na Chamberlin walichapisha matokeo mwaka 1975. Swali lao linaenea katika sentensi moja, na jibu lake linahesabika. Huo ndio uzuri wa utafiti uliopangwa.

Mwanafunzi anayesema “nataka kuboresha SQL” ametaja bahari, bado hajachagua mahali pa kutega nyavu. Mtaka yote hukosa yote. Basi apunguze. Watumiaji gani? Kosa lipi? Litapimwa kwa muda au kwa usahihi? Na matokeo gani yatamlazimu akiri kwamba dhana yake haikuwa kweli? Swali hili la mwisho ni chungu, lakini ndilo linalotenganisha utafiti na matamanio.

Tuchukue mfano. Tunataka majina ya wanafunzi waliosoma kila somo la mwaka wa kwanza. Kwa Kiswahili ni sentensi nyepesi. Katika SQL, njia inayofundishwa sana ni kulipindua ombi: tafuta wanafunzi ambao hakuna somo la mwaka wa kwanza ambalo hawakulisoma. “Kila” imegeuka kukanusha mara mbili, na hapo wengi hujikwaa. Je, mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili akiiandika kwanza sentensi hiyo iliyopinduliwa kwa Kiswahili, makosa yake yatapungua? Makundi mawili, maswali yaleyale kumi, muda uleule, makosa yahesabiwe. Hakuna mitambo ya gharama, na makundi yakilingana, tutakuwa tumepata jibu vilevile.

Wapo wanaoona mpango kuwa fomu ya kumridhisha msimamizi. Wanajinyima sehemu tamu kuliko zote, saa ambayo wazo zito linapigwa randa mpaka linashikika mkononi.

Kwa hiyo, ndugu mtafiti, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, liandike swali lako kwenye karatasi, umsomee mtu asiyejua hifadhidata. Akiweza kulirudia kwa maneno yake, anza kazi. Asipoweza, rudi ulichonge tena.