Daftari na Mali

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Bibi Mary Leakey alitupatia daftari. Mwaka 1951 alikuwa Kondoa na wenzake wakinakili michoro ya kale ya mapangoni, na mwaka 1983 kazi hiyo ikatoka katika kitabu chake Africa's Vanishing Art, yaani sanaa ya Afrika inayotoweka.

Uzuri wa kitabu haukanushiki. Twiga, pofu na watu wembamba wamenakiliwa kwa subira kubwa. Hata hivyo, nina malalamiko. Michoro myekundu ya wawindaji imekirimiwa. Ile myeupe ya baadaye, iliyopakwa kwa vidole, imeachiwa nafasi ndogo. Zito zaidi ni hili: kitabu kinalia kwamba sanaa inatoweka, lakini hakisemi na mtu anayeweza kuitowesha. Kitabu ni cha Kiingereza; mtu huyo anaishi chini ya mwamba.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunamfahamu. Huku kwetu jiwe halitazamwi uso. Huulizwa lina nini tumboni. Likionyesha dalili, hufuata nyundo na tindo, kisha karasha. Huko Kolo, Kondoa, wapo waliochimba katika pango la Mungomi wakiamini kwamba michoro inaonyesha mali iliyofukiwa na Wajerumani. Usiwacheke, ndugu msomaji. Waliuliza swali la haki, kwamba alama hii inasema nini, na hapakuwa na aliyewajibu kwa lugha yao.

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini sheria hailali pangoni. Wenyeji wanaotambika hapo Mungomi wamenyoshewa kidole kwa pombe wanayorushia ukutani. Nionavyo mimi, hao hao ndio waliolifanya pango liheshimiwe kabla ya sheria kuandikwa.

Kwa hiyo kitabu tunachokihitaji sasa ni chembamba, cha Kiswahili, kilichoandikwa pamoja na wazee hao. Kieleze rangi ile ilipatikanaje, na kiseme wazi kwamba chini ya picha hakuna fedha. Bila hicho tutabaki na daftari safi, huku mali yenyewe ikibanduliwa kipande kwa kipande.