Hitaji Mkononi, Obangaina Kwenye Dekki

Hii hapa! Hitaji, albamu ya kwanza ya Blu*3, CD yenyewe na jalada lake, si nakala ya kuchoma iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino. Nimeichomoa chini ya rundo la rimoti na nyaya kwa fundi redio mmoja jirani na soko kuu la Jinja. Fundi, Mungu amzidishie, aliniuzia kwa bei ya soda na chapati mbili, kisha akanihamishia nyimbo zote kwenye simu bila kudai hata senti. Sijala mchana. Naandika haya vidole vikinitetemeka, kwa hiyo mwenye kutaka uchambuzi uliopoa arudi mwezi ujao.

Kwa aliyekuwa mdogo wakati ule: mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars lilipita Afrika Mashariki likisaka waimbaji watatu watatu. Kenya ikapata Sema, Tanzania ikapata Wakilisha, Uganda ikapata Blu*3, yaani Lilian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cinderella Sanyu ambaye sote tunamwita Cindy. Makundi ya majirani yalichanganya mvulana na wasichana. Letu lilikuwa la wasichana watupu, na ndilo lililodumu kuliko yote. Mwaka 2005 albamu ikatoka, ikiwa na jina la Kiswahili, katika nchi ambayo watu wa Kampala wangali wakikuambia Kiswahili ni lugha ya askari. Huku mashariki hatukushangaa. Ukitoka Jinja kwenda Busia au Mbale, Kiswahili unakikuta kwenye mizani ya mahindi, kwenye bodaboda, na kwa mama muuza samaki anayejua fika kwamba mteja wake ametoka ng'ambo ya mpaka.

Sasa sauti! Niliisikiliza yote, bila kuruka wimbo hata mmoja, ndani ya taksi kutoka Jinja hadi Mbale, kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Barabara hiyo ni ukumbi bora wa kusikilizia muziki Uganda nzima. Hakuna wa kukusumbua, kwa kuwa hakuna nafasi hata ya kugeuza shingo. Cindy anaingia na lile koo lake lenye mkwaruzo, nawe unajua papo hapo kwamba huyu msichana hatakaa katika kundi la watu watatu milele. Lilian anateremsha sauti chini na kumtuliza. Jackie anakuja juu yao. Halafu zinakutana, hizo sauti tatu, kwenye kiitikio cha wimbo uliobeba jina la albamu, na nikapiga goti la abiria wa mbele yangu. Akanisamehe. Mpaka tunavuka mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma nilikuwa nimeshaurudia wimbo huo hadi simu ikaanza kulia njaa.

Nina imani moja katika kukusanya, nayo ndiyo inayonigombanisha na madijei wote ninaowajua: albamu ya mwimbaji wa kike isikilizwe nzima. Kwetu Uganda wimbo huenda redioni peke yake, mmoja baada ya mwingine, na albamu inakuja kukusanya vilivyokwisha kupendwa na kupewa jina la kile kilichopendwa zaidi. Kisha panakodishwa ukumbi, meza zinauzwa, "albamu inazinduliwa", na kesho yake hakuna anayeijua zaidi ya ule wimbo mmoja. Wanaume wanaumia kidogo kwa mtindo huo. Wanawake wanaumia sana, maana wimbo wao unaochaguliwa na redio mara nyingi ni ule wa kubembeleza mume. Ule wa hasira, wa uchovu, wa kucheka ovyo, unabaki nyuma. Kwenye Hitaji nyimbo ambazo sikuwahi kuzisikia redioni ndizo zilizonifanya niinue sauti hadi konda akageuka.

Kasoro? Zipo. Kinanda kimezeeka vibaya mahali pengine, ngoma za kompyuta zinagonga kavu, na nyimbo kadhaa za Kiingereza zinawatazama mno Destiny's Child, ambao mwishoni mwa 2004 walikuwa wametoa Destiny Fulfilled wakigawana ubeti zamu kwa zamu. Lakini angalia kichekesho cha historia: Wamarekani wale walitangaza kuachana mwaka 2005, mwaka uleule wetu walipoanza kupamba moto. Cindy alijitoa 2008, nafasi yake ikachukuliwa na Mya Baganda, na leo vijana wanamjua Cindy zaidi kwa kule kupambana na mwimbaji mwenzake Sheebah jukwaani Kololo, Septemba 2023. Wasikilize Hitaji waone alikotokea.

Nikirudi Jinja, siwezi kusema habari ya wanawake na albamu nikamruka Rachel Magoola. Hapana. Huyu ndiye mama yao huku Busoga. Alipoimba Obangaina akiwa na Afrigo, bendi ya Moses Matovu iliyozaliwa 1975, aliimba Kisoga mbele ya nchi iliyozoea kwamba wimbo wa mapenzi lazima uwe wa Kiganda. Na nchi ikacheza! Ikacheza hata isikoelewa neno. Kanda ninayo. Ina sauti ya mvua kwa uzee, na upande B utepe umekunjika mahali, hivyo Magoola anazama kidogo kisha anaibuka. Sitaitengeneza. Niliipiga kwa dekki la fundi yuleyule, na wauza nyanya wawili wakaacha biashara wakaja mlangoni kuimba naye, kila mmoja kwa Kisoga cha nyumbani kwao. Mwaka 2021 Magoola alichaguliwa mbunge mwanamke wa Bugweri, nami nawaonea wivu wapiga kura wake kwa sababu moja tu, kwamba kampeni zao huenda zilikuwa na muziki mzuri kuliko zetu.

Juliana Kanyomozi nitampitia haraka, si kwa kumdharau ila kwa kuwa kila nyumba inamjua. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kutwaa taji la Msanii wa Mwaka katika tuzo za muziki za PAM, mwaka 2008, na Usiende Mbali, aliouimba na Bushoke wa Tanzania, bado ndio wimbo unaoweza kuunyamazisha ukumbi wa harusi kuanzia Mwanza hadi Soroti. Nakala yangu ni ya pili, ya kwanza iliazimwa na binamu. Tuendelee.

Mbale! Ukishuka kwenye taksi, mlima Wanale umekusimamia juu ya kichwa, na mji uko chini yake ukipiga kelele zake. Mitaa michache kutoka mnara wa saa, mama mmoja mwenye duka la vitenge anaweka santuri kwenye rafu ya juu, nyuma ya mashuka. Nikamwona Mbilia Bel pale. Eswi Yo Wapi, ya 1983, albamu iliyomtambulisha akiwa na Afrisa ya Tabu Ley. Moyo ukaruka.

"Shikamoo mama. Huyu Mbilia ni bei gani?"

"Marahaba. Huyo hauzwi, mwanangu. Chukua wa chini yake."

"Hata nikiongeza?"

"Utaongeza mpaka wapi? Huyo ndiye aliyepigwa siku naolewa."

Nikamwomba basi anipigie upande mmoja tu. Akafunga mlango nusu, akafuta vumbi kwa ncha ya leso, akaweka sindano. Jamani. Ile sauti nyembamba, iliyonyooka, inayoingia juu ya magitaa bila kusukumana nayo! Ukitoka kwenye Blu*3 ukaingia hapa unasikia ujasiri uleule wa msichana anayejua kwamba bendi nzima inamngoja. Na mama, ambaye Kilingala hajui, anaimba kila neno.

Wa chini yake nilimchukua, na si pop, najua, msinipigie kelele. Ni Delicious Peace, CD ya Smithsonian Folkways ya mwaka 2013, nyimbo za wakulima wa kahawa wa ushirika wa Peace Kawomera katika vilima vya Mbale, Waislamu, Wayahudi na Wakristo walioungana mwaka 2004. Mwaka uleule wa Popstars! Humo mna vikundi vya wanawake wanaoimba habari ya kahawa na bei yake kwa mpangilio wa sauti ambao mtayarishaji yeyote wa Kampala angeuza gari lake aupate. Nimeiweka rafu moja na Hitaji. Rafu ni yangu.

Kisha kuna MC Yallah, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, mara nyingine pumzi moja. Kubali ilitoka 2019, Yallah Beibe 2023, zote chini ya lebo ya Hakuna Kulala, tawi la watu walewale wa Nyege Nyege, tamasha lililoanza 2015 kando ya Nile hapa Njeru. Midundo ya Debmaster inakwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, naye anapita juu yake kwa ulimi mwepesi usiokosea silabi. Ninazo zote mbili kwa santuri, ila ilibidi zitoke Ulaya kwa mkono wa shemeji, kwa bei ambayo sitaitaja ndani ya nyumba. Muziki uliotikisa ukingo wa mto wetu unauzwa Berlin kabla haujafika kwenye duka lolote la Main Street! Hilo linaniudhi kuliko kinanda chochote kibovu.

Basi hukumu yangu ya siku ya kwanza, kabla damu haijapoa: Hitaji ni albamu ya kukaa kwenye rafu ya mbele, mkono wa kulia wa Magoola, na ikipigwa ipigwe yote. Sasa nasaka Burrn, ile iliyofuata, nayo naitaka na jalada lake. Fundi wa Jinja ameniambia anamjua mtu Bugembe. Mama wa Mbale ameniambia niache kuuliza habari ya Mbilia, ila nikileta Burrn nzima, isiyo na mkwaruzo, atafikiria. Amesema atafikiria! Mwenye nakala aniambie bei, tutaelewana.