Karatasi ya Michango na Tangazo la Ikulu

Tangazo la kuugua kwa mkubwa ni utanzu wa maandishi, kama ulivyo utenzi au barua ya posa. Lina kanuni zake. Huanza na cheo, hufuata safari, kisha huja sentensi kwamba hali yake inaendelea vizuri, na mwisho wananchi huombwa wawe watulivu. Utanzu huu naupima kwa maandishi mengine ya ugonjwa tunayoyajua huku Izimbya: karatasi ya michango.

Karatasi hiyo huwa ukurasa wa daftari la shule. Juu huandikwa jina la mgonjwa, anachoumwa na hospitali anayopelekwa. Chini hufuata majina na kiasi: huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwingine mkungu wa ndizi. Mwisho huandikwa jumla na kinachopungua. Haina pambo lolote, lakini ukimaliza kuisoma unajua maradhi, njia, bei na aliyeubeba mzigo.

Novemba 2014 tuliambiwa Rais Jakaya Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Aliporudi, alisema mwenyewe kwamba ilikuwa saratani, katika hatua za awali, akawahimiza watu wapime afya zao. Naiheshimu kauli ile. Kiungo ambacho wanaume wa umri wake hawakitaji hata mbele ya daktari kilitajwa na Rais mbele ya kamera. Ila kati ya "kapimeni" na Baltimore kuna aya nzima iliyokosekana. Mzee wa Izimbya akapime wapi? Akikutwa nayo, aende wapi, kwa fedha ya nani? Maradhi yaliandikwa, bei ikaachwa.

Machi 2021 mambo yalikuwa kinyume. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani kwa siku nyingi. Tarehe 12, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia watu wa Njombe kwamba Rais yuko salama, anachapa kazi. Watu kadhaa walikamatwa kwa kusema anaumwa. Usiku wa tarehe 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo. Tangazo lile, likisomwa kama maandishi tu, ndilo lililokamilika kuliko yote: ugonjwa wa moyo aliokuwa nao kwa zaidi ya miaka kumi, kulazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6, kisha Hospitali ya Mzena tarehe 14. Kila kitu kimepangwa kwa tarehe. Ubaya wake ni kwamba lilikamilika siku ambayo halikuweza tena kumsaidia msomaji kuuliza.

Katikati kuna kisa cha Tundu Lissu. Alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akapelekwa Nairobi, na Januari 2018 akahamishiwa Ubelgiji. Hayakuwa maradhi, lakini hapo ndipo swali la bei lilipotamkwa wazi. Bunge lilisema mbunge hutibiwa nje kwa utaratibu, kwa rufaa ya Muhimbili na kibali cha wizara. Upande wake ulijibu kwamba aliyetapakaa damu hasubiri barua. Watu wakachanga, ndani na nje ya nchi. Kwa mara moja mbunge wa taifa aliandikiwa karatasi kama yetu, na nchi nzima ikajadili jambo ambalo huku hujadiliwa kila mwezi chini ya mti.

Kwetu rufaa ina ngazi. Kuna hospitali ya Izimbya, kisha ya mkoa mjini Bukoba, kisha Bugando, ng'ambo ya ziwa, Mwanza, na mbele yake Dar es Salaam. Kila ngazi ina nauli, chakula cha mwuguzaji na siku za shamba zilizopotea. Bima ya CHF iliyoboreshwa iliuzwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, lakini kadi hailipi nauli. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bado karatasi zinazunguka.

Sitaki kuisifu karatasi kupita kiasi. Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini, watafiti waliziuliza kaya 119 hutegemea nani zikipata shida. Ilionekana kwamba msaada hupita katika nyuzi za undugu na urafiki, si kwa wote sawasawa. Ndivyo ilivyo. Mwenye ukoo mkubwa karatasi yake hujaa kabla ya jua kuzama, ya mjane mgeni hurudi na majina manne. Uwazi wake ni mzuri, haki yake ni ndogo.

Hiyo ndiyo sababu ya kudai bima ya kweli, na ndiyo sababu ya kudai tangazo bora. Simkatazi kiongozi Baltimore. Mtu akiumwa hutafuta pa kupona, nami ningekwenda. Namwomba mwandishi wa Ikulu aongeze mistari miwili tu: matibabu haya yamegharimu kiasi gani, na mwananchi mwenye maradhi hayohayo anayapata wapi. Mstari wa pili ukimshinda kuuandika, atakuwa ameshatuambia hali ya hospitali zetu.