Injili kwa Mizani Nane

Mwaka 1963 wamisionari Wabenediktini wa Ndanda walichapa Utenzi wa Enjili Takatifu, kazi ya Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki. Wanafunzi wa fasihi hukitaja kitabu hiki kwa haraka, kisha wakakimbilia ngonjera zake. Ukiuliza sababu, utaambiwa: hadithi ni ya Biblia, umbo ni la pwani, sasa cha Mnyampala ni kipi?

Swali hilo linatugusa sisi wa Bonde la Kilombero. Wakapuchini wa Uswisi walichukua kazi ya umisionari huku kuanzia mwaka 1921. Misa ilisomwa kwa Kilatini, mafundisho yakatolewa kwa Kiswahili. Kindamba na Kipogoro vikabaki mashambani na ngomani. Leo Ifakara ni jimbo kamili, tangu 2012, na kijana mwenye kipaji bado anaambiwa kwamba sanaa ya kanisa ni kurudia vizuri alichopokea.

Mnyampala naye alipokea. Utenzi ulikomaa Pate na Lamu, mikononi mwa Waislamu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unasimulia vita vya Mtume na Herakali. Mtu wa bara, asiye wa bahari wala wa msikiti, akaichukua bahari ile akaimimina Injili ndani yake. Hakungoja ruhusa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake ya liturujia, inayotaka muziki wa asili wa watu uheshimiwe, Desemba ya mwaka huohuo. Kalamu ya Mgogo ilikuwa imekwisha kufika.

Mimi naona cha kwake kimo katika kazi yenyewe. Utenzi unadai mishororo minne yenye mizani nane kila mmoja. Mitatu inakubaliana kwa kina, wa nne unabeba kina kinachorudi hadi mwisho. Kuipitisha Injili katika tundu hilo ni kuamua, ubeti baada ya ubeti, neno lipi libaki na lipi lianguke. Mtu hawezi kuifanya kazi hiyo bila kukaa na kila tukio muda mrefu. Kwangu huko ni kutafakari, sawa na kusali rozari.

Hata hivyo umbo lina gharama yake. Kina kilichofunga harusi ya Kana ndicho kinachofunga Golgota. Injili ina mahali pa kukatika ghafla, pa kunyamaza. Utenzi haunyamazi, unatembea kwa hatua ileile. Msomaji anayetaka kilio atakikosa, na kumtetea mshairi kwa sababu ya uchaji wake hakutajaza pengo hilo.

Lakini pengo hilo ndilo linalotuachia kazi. Sangula ina mapigo yake, na maombolezo ya bonde hili yanajua kukatika na kunyamaza. Ikiwa Mnyampala aliweza kuazima kutoka Lamu, anayeandika Ifakara ana haki gani ndogo ya kuchukua kilicho uani kwa bibi yake? Utenzi wa Enjili usomwe tena, na usomwe kama mfano wa ujasiri. Mtunzi wa kwaya anayedhani wito wake ni kunakili tu ataona humo kwamba mtu anaweza kuwa mtiifu kwa hadithi na bado akachagua mwenyewe chombo cha kuibebea.